Pembetatu Nyekundu Kwenye Tablo

Wanafunzi wangu wa ualimu wanabishana kila mwaka juu ya jambo lile lile: je, simu ifundishe jografia? Wanafungua simu zao na kunionyesha Kalemie kutoka juu, ziwa, mahali Lukuga inapotoka ziwani, paa za stesheni, mpaka bati la jikoni kwangu. "Mama, ona! Mutoto wa Mpala anaweza kuona Ulaya bila kutoka kwenye benchi!" Wanafurahi, na mimi nafurahi nao, maana mimi si adui wa mashine. Lakini wakimaliza kelele zao nawauliza swali moja tu. Siku hiyo ya kuonyesha, nyuma ya darasa ameketi nani? Wanacheka. "Mama naye! Nyuma ya darasa si wanakaa wavivu?" Basi nanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza, na leo naandika.

Ilikuwa wakati wa vita. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, na sisi tulikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, idara ya jografia. Ukitaka kucheka kwamba watu walisoma jografia wakati wa vita, cheka tu. Tulisoma. Treni zililala stesheni na nyasi zikaota katikati ya reli. Boti za Kigoma hazikuja tena kama zamani, na baba yangu, ambaye ukoo wake wote umekula kwa biashara ya ziwa tangu mababu, alishinda barazani na tasbihi yake, akitazama maji matupu. Ndege ikisikika mbali, mji mzima ulinyamaza. Hata mama wauza samaki walikatisha maneno katikati.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua bila kuambiwa: usitazame sana. Usisimame karibu na bandari. Usiulize boti ile imeleta nini. Mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu alimpiga picha bibi arusi karibu na reli, na nyuma ya bibi arusi kulikuwa na lori la askari. Walimchukua yeye na kamera yake. Kamera tuliiona tena, imening'inia shingoni mwa askari mmoja sokoni. Yeye mwenyewe hatukumwona tena mpaka leo.

Katika idara yetu nilikuwa na rafiki mmoja, kijana wa Mpala, kijiji cha ukingoni mwa ziwa. Rafiki, nasema, msinitafutie maneno. Alikuwa mwembamba, mbishi, na akili yake ilikuwa moto. Ugonjwa wake ulikuwa ramani. Ukikaa naye kula, atakuchorea bonde kwenye ugali. Na hakuna siku aliyokubali kwamba amekosea. Hata akijikwaa kwenye jiwe alisema jiwe limewekwa vibaya.

Profesa wetu wa mbinu za kufundisha tulimwita Papa Profesa. Mzee mkali, Mungu anisamehe, mkali wa kupita kiasi. Alitufundisha kanuni moja mpaka tukaiota: jografia inaanza karibu na kwenda mbali. Mtoto ajue kwanza darasa lake, kisha shule, kisha mtaa, kisha mji. Ndipo umpeleke Brazili. "Mwalimu anayeanza na Brazili ni mwizi wa wakati," alisema, na kifundo cha kidole chake kikagonga meza.

Na kulikuwa na kritiki. Asiyesoma ualimu kwetu hajui kritiki ni kitu gani. Mwanastaji, yaani mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, anafundisha watoto wa kweli, na sisi wengine tumekaa pembeni tunatazama. Watoto wakishatoka, wenzako wanasimama mmoja mmoja na kutaja makosa yako, bila huruma na bila urafiki. Ukimficha mwenzako kosa uliloliona, pointi unakatwa wewe. Mwisho mwenye somo anasimama. Ana ruhusa ya kujitetea, au aseme neno moja tu: "Napokea." Rafiki yangu hakuwahi kusema neno hilo.

Chuo kilikuwa na projekta moja ya zamani, ile ya taa na kioo. Unaweka juu yake karatasi ya plastiki iliyochorwa, na mchoro unatokea mkubwa ukutani. Ilikuwa imelala kabatini miaka na miaka. Rafiki yangu aliitoa, akaisafisha, akatafuta waya, na vita vya maneno vikaanza kati yetu wanastaji.

"Mutoto amezaliwa hapa na hajawahi kuona mji wake kutoka juu," alisema. "Mashine hii njo itamupatia macho ya ndege."

Mkubwa wetu kwa umri, mwanaume wa Kongolo aliyefundisha shule za misheni miaka mingi kabla ya kuja chuoni, alitikisa kichwa. "Umeme unatoka kwenye mitambo ya maji ya Bendera, na Bendera na vita hivi, leo uko, kesho hauko. Chaki haingoji Bendera."

"Chaki inafutika!"

"Na taa inaungua. Ikiungua, utafundisha na nini? Na mdomo wazi?"

Tulicheka sana. Dada mmoja akasema watoto watatazama mashine badala ya somo. Mimi nilisema nimeipenda, ila kitu kinachoonyesha kila kitu mara moja kinanitia baridi. Papa Profesa aliingia, akasikiliza, akasema kifaa si somo, lakini kijana wa Mpala ajaribu. Somo lake la mtihani wa mwisho lingefanywa kwa mashine hiyo. Akifaulu, dipulome. Akianguka, mwaka mzima umepotea, na nani alijua mwaka unaofuata utatukuta wapi?

Mpango wake ulikuwa mzuri kweli. Plastiki ya kwanza: ziwa na Lukuga. Ya pili, unaiweka juu ya ile ya kwanza: reli, bandari na barabara. Ya tatu: shule, kanisa, msikiti, soko. Na ya nne, alisema, itatoka kwa watoto wenyewe. Aliwatuma watazame njiani wanapotoka nyumbani kuja shule, waandike kila kitu ambacho mgeni akikiona atajua amefika mtaani kwao. Watoto hawana siri. Walileta kisima, kinu cha unga, fundi baiskeli. Na wakaleta baryeri ya askari, kile kizuizi cha barabarani, nyumba ya askari, bunduki kubwa iliyofunikwa turubai kule kilimani. Darasa lile lilikuwa na watoto wa mji, na pia watoto wa askari waliokuja na familia zao, na hao njo walijua zaidi. Rafiki yangu alichukua vyote, akavipa alama mbele yao, kila kundi alama yake. Mambo ya askari aliyapa pembetatu nyekundu.

Mimi nilikuwa msaidizi wake siku ya somo, kazi yangu kuweka plastiki juu ya kioo. Asubuhi, kabla watoto hawajaingia, nilizipanga zote nne ili nizizoee, nikaziinua dirishani kwenye mwanga. Ee Mungu wangu. Ile ya nne peke yake ilikuwa madoa tu. Juu ya zile tatu, ilikuwa kila mahali askari walipo katika Kalemie, toka bandarini mpaka kilimani, na barabara za kufika huko.

"Hii hatuionyeshi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Umemsahau mpiga picha?"

"Yeye alipiga picha kwa siri. Mimi nafundisha mchana. Nani hajui baryeri iko wapi? Hata mbuzi wanajua!" Akanipokonya plastiki na kuitazama kwa mapenzi. "Ramani inayoficha kilichopo njo uongo. Papa Profesa mwenyewe ametufundisha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa ameshaandika legendi, maelezo ya alama za ramani, kwenye tablo, ubao wa darasa, pembeni, kwa chaki za rangi. Alama saba. Sita zilikuwa na maana yake mbele. Ya saba, pembetatu nyekundu, aliiacha bila neno, ili watoto waitaje wenyewe mwishoni. Njo mbinu ya kisasa, alisema.

Watoto waliingia. Sisi wanastaji tukakaa pembeni, Papa Profesa kwenye kiti chake. Halafu mlango ukafunguka tena. Askari mmoja aliingia na kiti cha plastiki, akakiweka nyuma kabisa, akatoka. Akaingia komanda, mkubwa wa askari wote wa mji. Hatukumwalika. Alivua kofia yake, akatusalimia kwa adabu, "Jambo walimu, endeleeni na kazi," akaketi na kuweka fimbo yake ndogo magotini. Alikuwa anatabasamu. Heri angekuja na hasira. Katika mstari wa pili mtoto mmoja mwenye viatu vipya aligeuka, akamtazama, akageuka tena mbele haraka. Niliona, lakini sikuelewa.

Rafiki yangu alianza. Nitasema ukweli, sijaona mtu akifundisha vile tena, na nimekaa nyuma ya masomo mengi maishani mwangu. Taa ikawaka, ziwa likatokea ukutani, watoto wakasema "Aaaa!" kwa sauti moja. Nikaweka ya pili, reli ikapita juu ya mchanga hadi bandarini. Nikaweka ya tatu, na kila mtoto akatafuta shule yake, mmoja akapiga kelele, "Ni sisi hapa! Tuko hapa ndani!" Komanda naye alicheka. Alikuwa anatazama ukuta, na mara nyingine anatazama tablo, pembeni, kwenye legendi.

Mimi plastiki ya nne nilikuwa nimeiweka mapajani. Wino wake ulikuwa wa maji. Nililowesha ncha ya kikwembe changu, nguo niliyojifunga kiunoni, kwa mate, na wakati wote wanaimba majina ya mitaa, mimi nasugua.

"Plastiki ya nne," akasema rafiki yangu.

"Mwalimu, imeharibika," nikasema, nikainyanyua. Wekundu ulikuwa umetapakaa kote.

Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Wiki nzima ya kazi! Lakini mbele ya watoto mwalimu hagombani. Akamaliza somo kwa maswali ya mdomo, watoto wakaimba wimbo wa kuaga na kutoka. Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Komanda hakutoka. "Mimi pia nataka kusikia," alisema. "Nasikia mnakosoana. Ni vizuri, kukosoana."

Tungefanya nini? Kritiki ikaanza. Dada yule akasema sauti ilikuwa kubwa mno. Mwingine akasema watoto wa nyuma hawakuulizwa. Mimi nikasema msaidizi aliharibu kifaa, kosa ni langu, na nikatamani Papa Profesa afunge kikao hapo. Ndipo mkubwa wa Kongolo akasimama. Mtu mwema, mtu wa haki, asiyejua kuruka kanuni hata moja.

"Mimi nina moja tu," alisema. "Legendi ina alama saba. Alama ya saba haina maana, na kwenye ramani haikutokea popote. Legendi yenye alama isiyojulikana ni kosa kubwa la jografia. Mwenzetu atuambie, pembetatu nyekundu ni nini?"

Feni ya projekta tu ilikuwa inanguruma.

"Hata mimi," akasema komanda polepole toka nyuma, "nilikuwa najiuliza hiyo hiyo."

Rafiki yangu alisimama. Nilimjua. Alikuwa anakwenda kujitetea, alikuwa anakwenda kueleza mbinu yake yote, tangu watoto kutumwa mpaka plastiki ya nne, kwa fahari, mbele ya mwenye bunduki. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Nyamaza!" Papa Profesa alipiga meza mpaka chaki zikaanguka. "Ni nini, ni nini! Pembetatu ni mgodi! Ni legendi ya migodi ya Katanga, ya somo la juzi. Mtu anakuja mtihanini na hafuti tablo! Anakuta alama ya mwenzake na kuiacha hapo kama mapambo! Huu ni uzembe gani?"

"Lakini Papa Profesa," mkubwa akaanza, "juzi somo lilikuwa—"

"Keti wewe! Nani amekupa neno?" Akamgeukia rafiki yangu, akamnyooshea kidole. "Hukutayarisha somo. Sifuri. Umenisikia? Sifuri. Una la kusema?"

Nilimwangalia rafiki yangu kwa macho yote aliyonipa Mungu. Alimtazama mzee. Alimtazama komanda, na nafikiri hapo kwa mara ya kwanza aliiona ile fimbo. Uso wake ukawa wa majivu.

"Napokea," alisema.

Komanda alisimama, akavaa kofia. Alimpa mkono Papa Profesa, akaushika muda mrefu. "Asante, Papa Profesa. Nimejifunza leo." Akatoka, na askari akaja kuchukua kiti.

Nilidhani Mungu ametupitishia. Jioni nilimkuta rafiki yangu kwao, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na hasira imemrudia yote. "Mzee mchawi! Mwaka mzima wa maisha yangu! Mbele ya watu wote, mimi, sifuri!"

"Amekuokoa, mpumbavu we!"

"Kuniokoa na nini? Angesema tu muda umekwisha! Angefunga kikao! Lazima anipake matope? Hakuwahi kunipenda. Kesho naenda kwake, nitamwambia machoni."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe nikasema basi, tutakwenda wote, nitakushika mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulala vizuri. Yule mtoto mwenye viatu vipya alikuwa ananirudia, jinsi alivyogeuka na kumtazama komanda. Njo nilipoelewa alimtazama nani, kulikuwa kumekucha.

Tulifika kwa Papa Profesa asubuhi, jua halijawa kali. Mama Profesa alikuwa peke yake mezani barazani. Kikombe cha chai kilikuwa mbele ya kiti kitupu, na kando yake miwani ya mzee. Rafiki yangu alikuja na maneno yote mdomoni, na alipoiona ile miwani yakamkauka. Mzee hakuweza kutembea hata hatua bila miwani.

"Wamemuchukua," Mama alisema. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali. "Hakumaliza hata chai. Walikuja kwa adabu. Mmoja akamwambia: komanda wetu anasema mutoto wake yuko kwenye darasa lile, na siku nyingi amemweleza nyumbani ile pembetatu ni nini. Alikuja jana kuona tu nani anajua na anaficha. Mume wangu akawauliza, na kijana? Wakasema: yule mwache, yule hajui kitu, alikuwa amesimama kama mbuzi. Wewe njo ulijua, kwa sababu wewe njo ulidanganya."

Njia ya mwongo fupi, tunasema. Siku hiyo niliichukia methali hiyo, na mpaka leo siitumii.

Rafiki yangu alishuka chini, akakaa kwenye ngazi. "Mama," alisema, "mimi nilikuja kugombana naye."

"Najua. Jana kwenye chakula aliniambia. Alisema, kesho kijana wa Mpala atakuja kunitukana. Umukaribishe, umupe chai, maana leo nimempa sifuri mtu ambaye anafundisha kunishinda mimi." Alisukuma kile kikombe upande wake. "Kunywa. Ingali moto."

Rafiki yangu alikishika kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, mtu mzima, mpaka majirani wakachungulia uani. Mimi pia nililia. Niliona hasira, nikaona aibu, nikaona woga, vyote pamoja.

Tulimtafuta Papa Profesa kila mahali panapoweza kutafutwa. Mkubwa wa Kongolo alikwenda kusimama kwenye lango la kambi siku baada ya siku, akisema yeye njo aliuliza swali, basi wamshike yeye. Walimfukuza kwa kicheko. Projekta waliichukua pia. Rafiki yangu alirudia mwaka, kwa sababu sifuri ya mtihani inaweza kufutwa na mwalimu aliyeitoa tu. Na aliyeitoa hakurudi.